Kufunga ubao wa mawimbi juu ya keria ya gari: ununue nini?

Pita barabara ya Diani kaskazi ikiwa imeshika, utakutana na magari yenye mbao za mawimbi, zile za kutelezea juu ya maji, zilizofungwa kwa blada, ile mipira ya tyubu kuukuu ya watu wa bodaboda. Kwangu hiyo iko mkiani kabisa. Blada inavutika. Upepo unaingia chini ya ubao na kuuinua, na mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu hiyo inakuwa mara nne, si mara mbili. Kwa kreti ya soda sina neno.

Racheti nayo, mkanda wa wenye malori, ina kosa la upande wa pili. Ndani ya ubao ni povu, ganda lake ni faibaglasi nyembamba, na ule wenzo unakaza kuliko mkono unavyohisi. Ubao wangu ulipata ufa ukingoni hivyo hivyo. Niligundua maji yameshaingia. Racheti iwekee friji na makochi.

Namba moja ni mkanda wa poliesta wenye bakoli (bizimu) ya meno, unaovutwa kwa mkono tu bila wenzo. Nunua miwili, upana milimita 25, urefu mita 3 au zaidi, na bakoli iwe imevalishwa mpira isije ikagonga ubao. Soma lebo: nailoni ikilowa inalegea, poliesta inashika.

Kamba ya manila ni ya pili, na bei yake ni nafuu. Ila ni ya pili kwa anayejua mafundo tu. Kama hujui, muombe mvuvi akufundishe nyumbani, usijifunzie kwenye foleni ya feri Likoni.

Gari halina keria? Kuna keria laini: mito miwili na mikanda inayopita ndani ya milango. Safari fupi inafaa, lakini mvua ikinyesha maji yanaufuata mkanda mpaka kwenye kiti.

Usisahau sponji za kuvalisha vyuma vya keria. Kipande cha godoro kuukuu kinatosha.

Ubao ulale kifudifudi, mapezi juu na yawe mbele, ili ukiteleza kurudi nyuma yanase kwenye mkanda. Mkanda uusokote mara moja, la sivyo utavuma njia nzima. Kisha shika ubao uutikise: gari likitikisika nao, washa uondoke.