Uzoefu wangu: The Witch of Blackbird Pond, riwaya ya kesi za uchawi niliyosoma na binti yangu

Likizo ya Desemba nilitaka kitabu cha kusoma na binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza darasa la sita. Anapenda hadithi za kale, lakini za wafalme na vita zimeshamchosha. Nikaagiza The Witch of Blackbird Pond, riwaya ya Elizabeth George Speare iliyotoka mwaka 1958 na mwaka uliofuata ikapata Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani. Nakala niliyopata ni ya mtumba: jalada limekunjika, maandishi ni madogo, ila kurasa zote zipo. Tulisoma jioni baada ya chakula, na Kiingereza kilipokuwa kigumu tulisimama tukakifafanua kwa Kiswahili. Shule zilipofunguliwa tulikuwa tumekimaliza, na mpaka leo hatujaacha kukizungumzia.

Hadithi inaanza Aprili 1687. Kit Tyler, msichana wa miaka 16, amelelewa na babu yake tajiri kwenye shamba la miwa huko Barbados. Babu anafariki, madeni yanakula mali yote, na Kit anapanda meli kwenda kwa dada wa marehemu mama yake katika mji wa Wethersfield, Connecticut, wakati huo koloni la Waingereza huko Amerika, bila hata kutuma barua ya kubisha hodi. Anafika na masanduku ya magauni ya hariri kwa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, watu wa sufu nzito, kazi kutwa, na ibada ndefu siku ya Jumapili. Kabla hata hajafika kwa dada huyo wa mama yake, ameshajiharibia. Mtoto mmoja, Prudence, amedondosha mwanadoli wake mtoni, na Kit anajitupa majini kumfuata. Barbados kila mtoto wa pwani anaogelea. Huku, mwanamke anayeelea anaangaliwa kwa jicho lingine kabisa, maana wanaamini mchawi hazami, na mama yake Prudence anaanza kunong'ona palepale kwenye mashua.

Hapo ndipo kitabu hiki kilipotushika. Mwandishi hakuleta mchawi, hakuleta mapepo. Ameonyesha tuhuma inavyofumwa kama ukili, uzi mmoja mmoja. Leo msichana ameogelea. Kesho amewachezesha watoto igizo la habari ya Biblia darasani, watu wazima wamechukia. Keshokutwa ameonekana akielekea bwawani kwa Hannah Tupper, kizee kinachoishi peke yake na paka wake pembeni ya mbuga yenye maji. Kila tendo likisimama peke yake si kosa. Yanangoja siku watoto wa mji watakapoanza kuungua homa na kufa, ndipo yaunganishwe. Siku hiyo inafika, na watu waliokuwa wakisalimiana kanisani wanawasha mienge usiku kwenda kuchoma nyumba ya kizee. Sura hiyo niliisoma mimi kwa sauti, binti yangu amenikumbatia mkono.

Hannah ni Quaker, dhehebu ambalo majirani zetu wa Kenya wanalijua kama Kanisa la Marafiki, lenye mizizi Kaimosi tangu 1902. Yeye na mumewe walifukuzwa Massachusetts, koloni jirani, baada ya kuchomwa chapa ya moto kwenye paji la uso kwa sababu ya imani yao. Hili mwandishi hakulibuni kutoka hewani. Massachusetts ya wakati ule iliwatesa Waquaker kweli, na baadhi iliwanyonga.

Nitasema la nyumbani. Bibi yangu mzaa mama aliishi kijijini Usukumani, na macho yake yalikuwa mekundu, jambo ambalo kwetu lilitosha mtu kuitwa mchawi. Miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni na samadi ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yangekuwaje? Nilipokuwa na umri wa binti yangu, ng'ombe wa jirani walikufa mfululizo, mpiga ramli akaitwa, na baada ya hapo watoto wakakatazwa kupita uani kwa bibi. Wajomba walimhamishia Mwanza usiku, na godoro lake lilifuata baadaye. Hakurudi tena kwake. Wakongwe wengi wa upande wetu hawakupata wajomba wa kuwahamisha, walikatwa mapanga. Kwa hiyo niliposoma Kit akihangaika kumtoa Hannah mlango wa nyuma, huku mienge inakuja na kizee analilia paka wake, ilibidi niweke kitabu chini kwanza. Binti yangu aliuliza, "Mama, ni kama bibi?" Sikuwahi kumsimulia habari ile yote. Usiku ule nilimsimulia.

Nilimtafutia pia historia yenyewe, maana alitaka kujua kipi ni kweli. Kit na Hannah ni wa kubuni. Mji wa Wethersfield upo, na Speare mwenyewe aliishi hapo. Wengi tumesikia kesi za Salem tu, huko Massachusetts, za mwaka 1692, ambako watu 19 walinyongwa na mzee Giles Corey akafa akikandamizwa kwa mawe kwa kuwa alikataa kujibu shtaka. Connecticut ilitangulia. Alse Young alinyongwa Hartford mwaka 1647, wa kwanza anayejulikana katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mary Johnson, mtumishi wa nyumbani kutoka Wethersfield hiyohiyo, na mwaka 1651 seremala John Carrington na mkewe Joan, nao wa Wethersfield. Wa mwisho kunyongwa Connecticut walikufa mwaka 1663. Bunge la jimbo hilo lilipitisha azimio la kuwasafisha majina yao mwaka 2023. Binti yangu alitoa hesabu kwenye kiganja: miaka 376 tangu Alse Young.

Aliyemgusa zaidi ni Katherine Harrison, mjane mwenye mali wa Wethersfield, ambaye majirani waliharibu mazao yake na kujeruhi mifugo yake, kisha wakamshtaki. Mwaka 1669 baraza la wazee wa mahakama lilimwona ana hatia, lakini mahakimu wakasita. Wachungaji waliombwa ushauri, na Gershom Bulkeley akaandika jibu ambalo lilitaka kila tukio la uchawi lithibitishwe na mashahidi wawili walioliona tukio hilohilo, si mmoja kuona hili na mwingine kuona lile. Mwaka 1670 Katherine aliachiwa kwa sharti la kuhama mji. Huyu Bulkeley ni mmoja wa wahusika wa riwaya, mchungaji na tabibu, na anasimama siku Kit mwenyewe anaposhtakiwa kwa uchawi kutaja jambo hilohilo la mashahidi. Tulirudia ukurasa ule mara mbili. Kesi hiyo siwezi kuisimulia hapa nikamnyima msomaji utamu wake; niseme tu kwamba ushahidi mkubwa dhidi ya Kit ni kibao cha kufundishia herufi na daftari ambalo jina la mtoto limeandikwa tena na tena. Wanaoogopa wanaona hirizi. Msomaji anajua ni mtoto aliyekuwa akijifunza kuandika jina lake kwa siri, kwa kuwa mama yake alisema kichwani hamna kitu. Mwalimu yeyote akisoma hapo atalia.

Kuna sehemu zinazovuta miguu. Mambo ya Gavana Edmund Andros kuja Hartford mwaka 1687 kudai hati iliyolipa koloni haki ya kujitawala, kwa niaba ya Mfalme James II yalimchosha binti yangu, ingawa mimi niliyapenda: yule mume mkali wa dada wa mama yake Kit, anayetetea haki ya mji wake dhidi ya gavana, ndiye huyo huyo anayewabana watu nyumbani kwake. Na uchumba umekuwa mwingi kuelekea mwisho, kila msichana anapatiwa mwenzake.

Lakini jambo ninalotaka wazazi wenzangu walijue kabla ya kununua ni jingine. Nauli ya meli Kit aliipata kwa kumuuza msichana wake mtumwa. Linasemwa mwanzoni kabisa, kwa maneno machache, na hadithi inaendelea. Kuna mahali Nat, mtoto wa nahodha, anamkabili Kit kuhusu watumwa: meli yao inanuka farasi kwa sababu baba yake hakubali kubeba watu. Nilifurahi kuona sauti hiyo imo. Ila Kit anajifunza kumheshimu Hannah, anajifunza kufanya kazi kwa mikono, anajifunza kunyamaza na kusema kwa wakati wake, na yule msichana aliyemuuza harudi tena akilini mwake kwa namna inayomuuma. Kitabu kinachomfundisha mtoto kumtazama aliyetengwa kimemwacha mmoja bandarini. Mimi sikuweza kulipita. Nilimwambia binti yangu tusimame hapo, tukazungumza: msichana yule alikuwa na miaka mingapi? Aliuzwa kwa nani? Kit alimuaga?

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano, na nne hizo nazitoa kwa moyo wote. Kinafaa kuanzia miaka 11 au 12, asome na mtu mzima, hasa kama nyumba yenu imewahi kuguswa na maneno ya uchawi. Waalimu wa sekondari wangeweza kukitumia kidato cha kwanza na cha pili bila shida.

Binti yangu alirudi kurasa za mwanzo na penseli, akitafuta jina la yule msichana. Hakulipata. Nimeagiza Tituba of Salem Village, riwaya ya Ann Petry ya mwaka 1964, nayo ya vijana. Tituba alikuwapo kweli, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris, mmoja wa watatu wa kwanza kushtakiwa Salem. Kitabu hicho nacho kinaanzia Barbados, siku mtu anapouzwa, na safari hii tunamfuata aliyeuzwa.