Kivinjari cha Tor kwa mtumiaji wa Kigoma
Kivinjari cha Tor, kinachopakuliwa bila malipo, husimba mawasiliano (huyageuza yasisomeke) kwa tabaka na kuyapitisha katika seva tatu za watu wa kujitolea, hivi kwamba tovuti haioni anwani halisi ya kifaa chako, na kampuni ya simu huona tu kwamba unatumia Tor. Gharama yake ni mwendo: kwa bando la kawaida hapa Ujiji, ukurasa wenye picha nyingi unachosha. Ndicho pia mlango wa intaneti iliyofichika, yaani tovuti zisizofunguka kwa kivinjari cha kawaida, ambako soko la Silk Road liliuza dawa za kulevya hadi FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipolifunga mwaka 2013. Mwandishi wa habari za uchunguzi ninampendekezea. Anayetaka kinga dhidi ya faili lenye virusi, au dhidi ya tapeli baada ya kumpa nywila yake yeye mwenyewe, hataipata humu.