Wiki tano na insulini isiyo na haraka

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiamshwa na jasho. Saa tisa usiku, fulana imelowa, mikono inatetemeka, napapasa mashine ya kupimia sukari gizani: 3.1 (mmol/L), imeshuka mno. Nilikuwa natumia insulini iitwayo NPH mara mbili kwa siku, na nguvu ya ile ya jioni ilifika kileleni mimi nikiwa usingizini. Daktari aliponihamishia degludeki, insulini ya muda mrefu, sindano moja tu kwa siku, sikubisha.

Usiku wa kwanza nilishika kalamu ya insulini nikaanza kuiviringisha viganjani. Mazoea! NPH ni nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, usipoichanganya umejidunga kisichojulikana. Hii mpya ni maji matupu. Ukiona ukungu ndani, unaitupa. Hadi leo mikono yangu haijakubali.

Dozi ilishuka kutoka yuniti 30 kwa siku hadi 24 (zangu hizo, usizinakili). Asubuhi ya pili sukari 13.4, juu mno. Ya tatu 12.8. Nilishaambiwa kwamba molekuli zake hushikana minyororo chini ya ngozi na kuachia kidogo kidogo, kwa hiyo huchukua siku tatu au nne kutulia. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, kuiona 13 kabla hata hujanywa chai ni kingine. Nilimpigia nesi kuomba niongeze. “Mwanangu, iache ikae kwanza.” Nikaiacha, kwa kinyongo. Siku ya sita nikapata 8.9 bila kugusa chochote. Baadaye daktari akaongeza yuniti mbili.

Lawama yangu ni moja. Insulini inayokaa mwilini zaidi ya saa 42 huwezi kuirekebisha kwa ajili ya leo. Zamani nikijua jioni nina kazi nzito, ambayo hushusha sukari, napunguza dozi, basi. Sasa nikipunguza leo, faida naiona keshokutwa. Siku ya kazi inabidi nile zaidi na kupima mara kwa mara. Kwa upande mwingine, nikisahau saa yangu najidunga ninapokumbuka, mradi zipite angalau saa nane kabla ya sindano inayofuata. Kalamu iliyofunguliwa hukaa wiki nane nje ya friji, nayo inanifaa mimi msafiri.

Juzi niliamka saa tisa usiku, nadhani kwa mazoea tu. Nikashika fulana: kavu. Nikapima hata hivyo. 6.4.