Bwawa lisilo na ukingo Kigoma: umeme ukikatika, ukingo unarudi

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Kuogelea nimejifunzia Ziwa Tanganyika, bure. Kwa hiyo shemeji yangu alipokuja kutoka Tabora akataka "lile bwawa la kwenye picha", nililipa sh 30,000 za watu wawili huku roho ikiniuma. Soda moja moja imo humo.

Hoteli iko kilimani, inatazama magharibi. Tulifika saa tisa alasiri, umeme hakuna. Maji yamelala chini ya ukingo kiasi cha kidole kimoja, na mstari wa vigae wenye ukoga unaonekana wazi. Bwawa tu kama mengine, tena dogo. Mhudumu akasema jenereta huwashwa saa kumi na moja, mafuta ghali. Hilo mapokezi hawakulitaja wakati wa kupokea hela.

Saa kumi na moja pampu ikaanza kunguruma. Maji yakapanda taratibu, yakafunika ule ukuta wa mbele, ambao umejengwa chini kidogo kuliko kuta nyingine, yakaanza kumwagikia upande wa pili. Ghafla ukingo ukapotea: bwawa na ziwa vikawa kitambaa kimoja. Shemeji aliyekuwa anaogelea akasimama.

"Shemeji, kule mwisho mtu haporomoki?"

Nikamwambia achungulie. Chini yake kuna mfereji unaopokea maji, kisha pampu inayarudisha kupitia chujio. Akachungulia, akarudi nyuma, akachungulia tena.

Siri ni kuingia majini mpaka kidevuni. Ukikaa baa ya juu unaona mfereji na mabomba yote, uhondo umekwisha. Na vigae vyao ni vya buluu mpauko wakati ziwa ni buluu ya wino, kwa hiyo mchana macho hayadanganyiki sana. Vigae vyeusi vingefaa zaidi. Jua lilipoanza kuzama upande wa Kongo, maji yote yakawa rangi moja, na hapo sikuikumbuka tena ile elfu thelathini.

Shemeji alinionyesha kwenye simu bwawa la hoteli ya Marina Bay Sands, Singapore, lenye urefu wa mita 150, kwenye ghorofa ya 57. Sawa, lakini kule mbele yako ni maghorofa. Hapa ni ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470.

Tulikwenda mwezi wa nane, ukungu wa kiangazi ukatuficha milima ya ng'ambo. Mvua zikianza huonekana. Epuka pia siku za mbalamwezi: wavuvi wa dagaa hupumzika, unazikosa zile taa zao usiku, nazo ni nusu ya starehe.

Migebuka na chipsi vilichukua saa nzima. Vitamu, lakini saa nzima.

Ukitaka kwenda, piga simu kwanza. Usiulize kama bwawa lipo, ulizia pampu.