Treni ya deraya kwa vita vya mezani: ununue nini ukiwa Kisumu

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua rula. Wanaoanza mchezo huu wa kupiganisha askari wadogo wa kuchezea mezani huuliza kichwa kipi cha treni kinapendeza. Mimi nauliza magurudumu yamepishana kwa milimita ngapi, maana bodi ya juu utaifunika kwa kadibodi upendavyo, lakini ekseli ikishakuwa pana au nyembamba, ndiyo hiyo.

Sisi wa huku tuna bahati. Reli ya Uganda, iliyofika ziwani mwaka wa 1901 Kisumu ikiitwa Port Florence, ina upana wa mita moja. Wengi wetu tunatumia askari wenye kimo cha milimita 28, yaani kipimo cha 1/56 hivi. Gawa 1000 kwa 56, unapata karibu 18. Reli za HO na OO, saizi za kawaida za treni za kuchezea, zina upana wa milimita 16.5. Pengo hilo hakuna atakayeinama mezani kulipima. Kwa hiyo chasisi ya HO inakaa vizuri chini ya behewa la Voi la mwaka wa 1915, wakati Wajerumani walipokuwa wakivuka kutoka Taveta kuja kutega baruti relini. Anayecheza vita vya Warusi vya 1918 hadi 1920 ndiye mwenye kazi: reli yao ya milimita 1524 inatoka 27, na ya dukani iliyo karibu, ile ya saizi kubwa zaidi iitwayo O, ina 32.

Kwangu mimi, namba moja ni treni ya mitumba. Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi, kwenye marundo ya vichezeo, kabla wenye watoto hawajafika. Nyingi hazilingani na chochote, usivunjike moyo. Ukiona behewa, ligeuze chali, pima kutoka ubavu wa ndani wa gurudumu hadi wa pili: kwa HO ni milimita 14 na ushei. Zungusha kila ekseli kwa kidole. Ikikwama, rudisha. Injini usiilipie, mezani treni inasukumwa kwa mkono. Mara ya mwisho nilishika mabehewa matatu na kichwa kilichokufa.

"Mama, hiki kichwa hakitembei."

"Kastoma, wewe unataka kitembee kiende wapi? Leta mia tatu."

Nikalipa mia mbili na hamsini, nikaondoka mbio.

Nyumbani ng'oa bodi ubaki na sakafu na magurudumu. Kuta ni kadibodi ya boksi la viatu, mbili mbili zikigandishwa pamoja. Matundu ya bunduki yakate ukuta ukiwa bado umelala mezani. Ukishasimamisha, kisu kitateleza na kidole ni chako. Kwa ribiti, yaani vile vichwa vya misumari inayounganisha mabati ya deraya, chora mstari wa penseli, weka alama kila milimita 4, kisha chovya kijiti cha meno kwenye gundi nyeupe ya mbao na uguse kila alama. Tone likiwa kubwa, lifute papo hapo. Likikauka usiku kucha linashuka na kuwa kichwa cha ribiti hasa. Behewa moja hula jioni nzima, na ni jioni tamu.

Kuna njia rahisi zaidi kwa anayecheza vita vya Makaburu. Huko Natal, Waingereza walikifunika kichwa kimoja kwa kamba nene kutoka juu hadi chini, wakakiita Hairy Mary. Nunua kamba ya katani, ichambue, uning'inize nyuzi kwa gundi. Hapo hata ribiti huhitaji.

Namba mbili ni printa ya 3D. Ukimpata fundi mwenye printa, faida yake ni kwamba faili moja hutumika kwa vipimo vyote: ya 1/56 ichapwe kwa asilimia 78 ukitaka 1/72, au 56 kwa askari wa milimita 15. Ila usisahau kwamba magurudumu nayo yanapungua. Mwambie achape bodi pekee, chasisi utaleta wewe. Mistari ya plastiki iondoe kwa msasa kabla ya rangi.

Ya tatu ni MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, iliyokatwa kwa leza na wale wanaotengeneza vibao na zawadi za shule. Kuta zinanyooka vizuri, lakini kingo hunywa rangi kama mchanga. Zipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji.

Seti za plastiki za kuunganisha kutoka nje nimeziweka namba nne, si kwa ubaya wake. Kampuni ya UM ya Ukraine inatoa treni za Kisovieti za 1/72, nzuri kweli, lakini zitakuwa ndogo kwa wenye askari wa milimita 28, na ushuru unaweza kukukuta posta. Za 1/35 ziache kabisa; askari wako wataonekana watoto wa nasari. Treni iliyokwisha kupakwa rangi ni ya mwisho. Mwenye hela na asiye na muda anajijua.

Kabla ya kununua vya ziada, pima meza. Behewa halisi la mita 18 ni sentimita 32 kwa 1/56, na meza nyingi zina urefu wa sentimita 180. Yafupishe mabehewa yako. Kichwa kikae katikati, mabehewa ya mizinga pande zote mbili, na mbele kabisa behewa bapa lililobeba mataruma na vipande vya reli, ili bomu lilipuke chini yake kwanza. Hilo bapa ndilo la bei nafuu kuliko yote: sakafu na njiti za kiberiti.

Na rangi ya kupuliza isiguse povu jeupe la kufungashia televisheni. Tuta langu la kwanza la reli liliyeyuka likabaki kama mbao iliyoliwa na mchwa, behewa likiwa juu yake. Tumia brashi.