Canon 6D, 5D Mark III au 5D Mark IV? Nimezipima zote tatu, uzoefu wangu wa ukali wa picha na fokasi

Wadau, mimi napiga picha za harusi na sendofu hapa Dar, wikendi nyingi niko ukumbini mpaka saa sita usiku, na kwa miaka kadhaa nilikuwa na Canon 6D moja tu. Vijana wanaoanza wananiuliza sana kati ya 6D, 5D Mark III na 5D Mark IV ipi inatoa picha kali zaidi, maana sasa hivi zote unazipata za mtumba. Hata mimi swali hilo lilikuwa linanisumbua, so nikaazima 5D III ya rafiki yangu, nikakodi 5D IV kwa wikendi moja, nikazipima zote kwa lenzi zangu zilezile.

Nianze na ukali. Nilitundika khanga uani, khanga inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu ina maandishi na pindo lake lina nakshi ndogondogo, nikaweka kamera kwenye traipodi, lenzi ya 50mm, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, taima ya sekunde 2 ili mkono usitikise kitu, ikitoka moja inaingia nyingine palepale. Nimefungua kwenye laptopu nikavuta mpaka asilimia 100, kati ya 6D na 5D III sikuona tofauti yoyote, na ndo inavyotakiwa kuwa maana moja ina megapikseli 20.2 na nyingine 22.3. 5D IV yenye 30.4 kweli unaona nyuzi za kitambaa zaidi, hilo sibishi. Lakini nikatoa print tatu za inchi 12 kwa 18, saizi ya albamu kubwa ninayowapa maharusi, nikampa mke wangu azitazame bila kumwambia ipi ni ipi, akazigeuza weee mwisho akasema zote sawa. Piga hesabu utaona kwa nini: 6D ina pikseli 5472 kwa upana, gawa kwa 18 unapata 304 kwa kila inchi, na wanaochapisha albamu huwa wanataka 300 tu. Kwa hiyo kama kazi yako inaishia kwenye albamu na simu za wateja, usinunue kamera kwa ajili ya megapikseli.

Kitu kingine, zile 30.4 zinadai mkono mtulivu. Kwa 6D nilizoea kupiga kwa shata ya 1/80 ya sekunde kwa 50mm na nikaridhika, kwa 5D IV nikivuta picha ya 1/80 naona mtikisiko, nikapandisha shata mpaka 1/160 ndo ikatulia.

Sasa tuje kwenye fokasi, maana hapa ndipo kamera hizi zinapoachana kabisa. 6D ina pointi 11 za kufokasi na ya katikati peke yake ndo ya msalaba, yaani inasoma mistari ya wima na ya ulalo, zingine zinasoma upande mmoja tu. Ile ya katikati ni nzuri mno jamani, Canon wanaiandika inafanya kazi mpaka -3 EV (kipimo cha mwanga, namba ikishuka ndo giza linazidi) wakati 5D III ni -2 EV, na ukumbini niliona kwa macho yangu, MC kasimama kwenye kona yenye giza 6D inashika, 5D III inatafuta kidogo kwanza. Ila maisha ya harusi sio MC aliyesimama. Pointi zote za 6D zimerundikana katikati, na ukisimamisha kamera wima sura ya bibi harusi iko juu huko, inabidi ufokasi kwa ile ya katikati halafu uhamishe kamera ndo upige, na kwa 85mm f/1.8 umbali wa mita 2 eneo lililo kali ni kama sentimita 6 tu, ukiyumba kidogo jicho limepotea na kilicho kali ni hereni. Nimepoteza picha nyingi nzuri za machozi ya mama kwa namna hiyo na bado zinaniuma, ile sekunde hairudi.

5D III ina pointi 61 na 41 kati ya hizo ni za msalaba. Naweka pointi moja juu ya jicho, sihamishi kamera, napiga. Pale maharusi wanapoingia wanacheza, taa za rangi zinazunguka, moshi umetanda na mashangazi wanakatiza na simu zao mbele yako, naweka AI Servo (fokasi inayomfuata mtu anayetembea) na ile Kesi ya 2 kati ya seti zake 6 za fokasi, hii inaiambia kamera isikimbilie kila kinachokatiza, basi shangazi anapita na fokasi inabaki kwa bibi harusi. Na mkumbuke, ile taa nyekundu ya flashi inayosaidia fokasi gizani haiwaki kwenye AI Servo, inawaka kwenye One Shot tu (fokasi inayoshika mara moja na kutulia), so ukumbi ukiwa giza sana wakati wamekaa meza kuu rudi One Shot.

5D IV ina 61 vilevile ila zimetanuka zaidi juu na chini na inashika mpaka -3 EV, yaani ule uwezo wa gizani wa 6D umewekwa kwenye mwili wa 5D. Na ukiwasha Live View, yaani kutazama kwenye skrini badala ya kuchungulia, unagusa sura kwenye skrini inafokasi laini na haraka, wanaopiga video wataipenda sana.

Kabla hujailaumu kamera yoyote, pima lenzi yako. Lenzi yangu ya 85mm niliinunua mkononi kwa mtu, na kwa wiki nzima nilidhani 5D III ina shida maana kila picha ilikuwa kali mbele ya nilipolenga. Weka traipodi, piga kwa kuchungulia kawaida, halafu piga kwa Live View ambayo inafokasi kwa sensa yenyewe. Ya Live View ikiwa kali na ile ya kuchungulia haiko kali, ingia kwenye menyu ya kurekebisha fokasi, inaenda kuanzia -20 mpaka +20, mimi niliweka +7 ikanyooka. Kamera zote tatu zinayo, na kila mwili una namba yake, ile +7 kwenye 6D haikufaa, kule nimeishia +2.

Nimenunua 5D III. Imechangia pia kwamba ina sehemu mbili za memori kadi, ya CF na ya SD, na 6D ina moja tu, kwa kazi ya harusi hilo ni kubwa. 6D sijaiuza, inapiga pete, keki, mapambo na meza kabla wageni hawajaingia, na 5D IV nitakuwa naikodi mteja akitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni.