Mkanda wa nailoni wa kunasulia gari: tathmini baada ya masika mbili

Kwa masika mbili sasa nimekuwa nikibeba katika Land Cruiser ninayoendeshea watalii mkanda wa nailoni uliotengenezwa Australia, wenye urefu wa mita 9, upana wa milimita 60 na uwezo wa kuhimili kilo 8,000 kabla ya kukatika. Nimeutumia zaidi katika udongo mweusi wa mbuga upande wa magharibi wa Serengeti, ambako gari likishazama hadi kwenye difu (kile kibumba cha gia katikati ya ekseli), mnyororo huweza kuling'oa bampa na kuliacha gari palepale. Kwa kazi hiyo nimeridhika nao, ingawa bei yake inauma.

Kinachoutofautisha na kamba ya kukokotea ni kunyumbuka. Kamba ya poliesta hainyumbuki sana, na ndiyo maana inafaa kwa gari lililozimika barabarani. Nailoni hurefuka hadi kama asilimia 20, hivyo gari linalovuta hupata mwendo kwanza, mkanda ukatunza nguvu kama upinde uliovutwa, kisha ukalitoa lililonasa bila mshtuko mkali. Madukani vitu hivi hupangwa pamoja na huitwa jina moja. Muuzaji mmoja mjini Arusha alinionyesha mkanda mnene wa manjano, usio na lebo hata moja, akaniambia, “Huu ni wa tani 20, mkuu.” Niliuacha. Nchini Australia, tangu mwaka 2010, sheria inalazimisha mikanda ya aina hii iuzwe ikiwa na maelezo ya uwezo wake na maonyo. Kwetu sisi mnunuzi ndiye mkaguzi.

Tena, tani 20 si sifa kwa gari letu. Uwezo wa mkanda unatakiwa uwe kati ya mara mbili na mara tatu ya uzito wa gari lililo jepesi kati ya linalovuta na lililonasa, likiwa na mizigo yake. Gari la tani 3 na kitu linaangukia vizuri kwenye kilo 8,000. Mkanda hafifu utakatika; uliozidi nguvu hautanyumbuka, na mshtuko wote utahamia kwenye chasisi na bolti.

Hapo ndipo penye hatari ambayo madereva wengi, hata wazoefu, hawaipi uzito. Mkanda wenyewe ukikatika ni jambo baya, lakini kinachoua zaidi ni kipande cha chuma kinachong'oka na kurushwa nao. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela hakijaundwa kwa kazi hii, na kukivisha kitanzi cha mkanda kumewahi kugharimu maisha ya watu. Vivyo hivyo vijicho vyembamba vilivyo chini ya gari, vilivyowekwa kwa ajili ya kulifunga wakati wa kulisafirisha. Tafuta ndoano au sehemu iliyofungwa imara kwenye chasisi, na utumie pingu ya chuma (kiungo chenye umbo la U kinachofungwa kwa pini) iliyochorwa uzito inaoruhusiwa kuhimili kazini, kwa mfano tani 4.75. Ukishaikaza pini yake, irudishe kidogo isije ikagoma kufunguka. Kuunganisha mikanda miwili kwa pingu katikati ni sawa na kutengeneza kombeo.

Kabla ya kuvuta, chukua sepetu uondoe tope mbele ya tairi na chini ya difu. (Ninajua kwamba abiria wanatazama na simba wako jirani, lakini dakika kumi za kuchimba hupunguza sana nguvu inayohitajika.) Acha mkanda ulegee kama mita 2 au 3, weka blanketi zito au turubai katikati yake, na wasogeze watu wote walio nje pembeni, umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, wala pasiwe na mtu wa kuuruka ukiwa umefungwa. Anayevuta aondoke taratibu, kasi isizidi kilomita 10 hadi 15 kwa saa, na aliyenasa asaidie kwa gia ya chini. Ikishindikana mara mbili, rudi kwenye sepetu badala ya kuongeza kasi.

Kasoro ya nailoni ni kwamba ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake, na mchanga ukiingia ndani huisaga nyuzi polepole. Huuosha wangu kwa maji matupu na kuuanika kivulini kabla ya kuukunja, kwa kuwa jua nalo huudhoofisha. Hata hivyo, karibu na mshono wa kitanzi kimoja umeanza kutoa manyoya. Masika ijayo utabaki kufungia mizigo juu ya keria, nami nitanunua mwingine wa kilo zilezile 8,000.